Sayansi Si Itikadi

Himdi zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu: watu wengi husimama mbele ya sayansi kwa namna mbili, na zote mbili ni kosa. Wa kwanza huikataa kwa jumla, wakidhani ni dini ya wageni iliyokuja kuiondoa dini yao. Wa pili huisadiki kwa jumla, hata chupa ya dawa sokoni ikiandikwa kuwa imethibitishwa na sayansi, huinunua bila ya kuuliza imethibitishwa na nani, na kwa njia gani. Makundi haya hugombana, lakini yamekubaliana katika jambo moja: yote mawili huidhania sayansi kuwa ni itikadi, ilhali ni kazi ya kutazama, kupima na kusahihisha.

Ushahidi umo katika historia ya Waislamu wenyewe. Jalinusi, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili baada ya Nabii Isa, alifundisha kwamba taya la chini la mwanadamu ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Alikuwa bingwa, lakini aliowapasua walikuwa nyani na wanyama wengineo. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 1,000 matabibu walimnukuu, na kauli yake ikawa kama hukumu isiyo na rufaa.

Mwaka 1200 njaa kubwa iliishika Misri, kwa kuwa mto Naili haukufurika kama ada yake. Watu walikufa wengi mno, mifupa yao ikalala malundo. Abdul-Latif al-Baghdadi, mwanachuoni na tabibu, alikwenda kuitazama mahali palipoitwa al-Maqs, karibu na Kairo. Alikagua mafuvu zaidi ya 2,000, akakuta taya ni mfupa mmoja usio na kiungo. Wala hakutosheka na macho yake peke yake. Wengine pia walitazama, yeye akiwapo na asipokuwapo, nao wakaona vile vile. Hakuutupa utabibu wote kwa kosa moja. Alimheshimu mwalimu, akauheshimu zaidi ushahidi wa macho.

Basi mtaalamu akibadili kauli kwa ushahidi mpya, hiyo si aibu. Mapema mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Shirika la Afya Duniani halikuwahimiza watu wote kuvaa barakoa. Tarehe 5 Juni mwaka huo huo likashauri zivaliwe na watu wote penye maambukizo mengi, pasipowezekana kukaa mbalimbali. Wengi walisema, "Walituongopea!" Lakini anayemtaka mtaalamu asikosee kamwe amempa daraja ya Mitume, kisha humkasirikia kwa kuwa si Mtume.

Liko kosa jingine, nalo lafanywa kwa nia njema. Kila nadharia mpya ikitoka, hutokea mtu akaifunga Aya ya Qurani kwayo, ili kuonyesha kuwa dini ni kweli. Je, nadharia hiyo ikianguka kesho, kijana aliyefundishwa hivyo atashika nini? Imani ya Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho haipimwi kwa mizani wala darubini, na kauli ya mtaalamu haina budi kupimwa. Kuchanganya mawili haya ni kuyadhulumu yote mawili.

Kwa hivyo mzazi asimzuie mwanawe somo la sayansi kwa kuhofia dini yake, wala asimwache mgonjwa nyumbani kwa sababu tu madaktari waliwahi kukosea. Na aulize: nani amepima? Amepima nini? Je, wengine wamepima wakaona vile vile?

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu elimu yenye manufaa, na imani isiyotetereka. Amin.