Menyu ya Kompyuta Isomeke kwa Kiswahili

Leo kipindi hiki kinaangalia kompyuta inayotumia mfumo wa Linux, hasa menyu yake: ile orodha ya programu inayofunguka mtu akibonyeza kitufe cha pembeni mwa skrini.

Chukulia steshenari ya Korogwe mjini, ambako kutwa watu wanachapa barua, wanatoa kopi na kuskani vyeti. Kazi hiyo inataka programu nne, tano hivi. Menyu inaleta makumi, mengi ya majina yake ni Kiingereza, na kijana mgeni wa kazi anatafuta skana huku wateja wamepanga foleni. Kumbe menyu inabadilishika, na haihitaji fundi kutoka Tanga.

Kila jina kwenye menyu hutokana na faili dogo la maandishi, lenye jina linaloishia na neno desktop. Mafaili hayo kwa kawaida hukaa kwenye folda ya applications, ndani ya share, ndani ya usr. Humo, mstari wa Name hubeba jina linaloonekana, Icon picha yake, Exec amri inayoiwasha programu. Mtu akiongeza mstari Name[sw]=Andika Barua, kompyuta iliyowekwa Kiswahili itaonyesha jina hilo. Programu isiyotakiwa huandikiwa NoDisplay=true. Inaondoka kwenye menyu, lakini haifutwi.

Hapa tusikilizane vizuri: faili la asili lisiguswe. Linakiliwa kwanza kwenye folda ya mtumiaji, .local/share/applications, kwa jina lilelile, na marekebisho yanafanywa kwenye nakala. Mfumo huitanguliza nakala hiyo. Ikiharibika inafutwa, na menyu inarudi ilivyokuwa. Asiyependa kuandika mistari atumie programu iitwayo MenuLibre, afanye yote kwa kubonyeza.

Watanzania walianza zamani kuifundisha kompyuta Kiswahili. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, na inastahili kuendelezwa hata na mwenye kompyuta moja.

Tena ile folda ya mtumiaji, .local/share/applications, ni ya kila akaunti peke yake. Shule ya sekondari Handeni inaweza kumpa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza menyu yenye programu za LibreOffice na GeoGebra tu, na mwalimu, kwenye mashine ileile, akabaki na menyu nzima.