Tembe Hizi Haziachwi Ghafla

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa wadi ya Nyayo Highrise.

 

Mimi si daktari wala muuguzi. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu ni kuwafikishia habari. Hii ya leo niliipata nyumbani kwetu kabla ya kuipata ofisini.

Shangazi yangu alikuwa akiumwa na viungo kwa miaka mingi. Jirani akamwonyesha tembe fulani, na duka la dawa likamuuzia bila kuuliza karatasi ya daktari. Zilikuwa prednisoloni. Maumivu yakapungua, uso ukajaa, nasi tukasema amepona. Baada ya mwaka mmoja na zaidi pesa zikakosekana, akaacha kuzimeza. Siku chache baadaye akashikwa na homa na kuanza kuendesha. Alfajiri tulimkuta amelegea, anatapika, maneno yake hayaeleweki.

Hospitalini tuliulizwa, "Anatumia dawa gani?" Tukajibu, "Hakuna." Hatukukusudia kudanganya, tembe za jirani hatukuzihesabu kuwa dawa. Muuguzi akauliza tena kwa namna nyingine: "Hakuna chochote alichokuwa akimeza kwa ajili ya maumivu?" Hapo ndipo binti yake akazitaja. Swali hilo la pili ndilo lililomwokoa.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizi hutengeneza kotisoli, ambayo husaidia kushikilia presha na sukari mwilini, hasa tunapougua. Mtu akimeza dawa za aina ya steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni, kwa wiki nyingi, tezi hulala kwa sababu kazi yao inafanywa na tembe. Akiacha ghafla, tezi hazijaamka. Ikija homa, ajali au upasuaji, mwili unadai kotisoli na haipo. Presha hushuka, sukari inaweza kushuka, mtu huzirai, na akicheleweshwa anaweza kufa.

Wengine tezi zenyewe zimeharibika. Daktari Thomas Addison wa London aliueleza ugonjwa huo mwaka 1855, na kifua kikuu ni moja ya mambo yanayouleta. Dalili zake ni uchovu usioisha, kukonda, kutamani chumvi, na weusi kuongezeka kwenye ufizi, makovu na mistari ya viganja.

Mgonjwa wa namna hii akifika hospitalini, kazi kubwa iko mikononi mwa wauguzi. Mtu mzima hudungwa haidrokotisoni miligramu 100 mara moja, kwenye mshipa au msuli, bila kungoja majibu ya maabara. Hutundikiwa maji ya chumvi, kwa kawaida lita moja katika saa ya kwanza. Sukari hupimwa na kurekebishwa. Dawa huendelea, takriban miligramu 200 kwa saa 24. Muuguzi hupima presha, mapigo ya moyo na mkojo mara kwa mara. Kwa hiyo, ukiona mgonjwa wako anaamshwa kila wakati, usikasirike. Anachungwa.

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Tukifika hospitalini, tutaje kila kitu: tembe, sindano, hata krimu za kujichubua, kwa maana baadhi zina steroidi kali zinazopenya ngozini. Bora zaidi, beba pakiti yenyewe. Mwenye kutumia dawa hizi kwa muda mrefu atembee na kadi inayosema hivyo. Amuulize daktari mapema aongeze kipimo kiasi gani akipata homa. Mara nyingi huwa maradufu. Akitapika dawa, asingoje kupambazuke. Mlaze chali, miguu juu. Akizirai au akitapika, mgeuze ubavu, na akizirai usimpe chochote mdomoni. Piga 999 au 112, au mkimbizeni hospitali iliyo karibu. Hapa kwetu Mbagathi si mbali.

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Sisemi mwende nyumbani mkatupe tembe zenu. Hilo ndilo kosa lililomwangusha shangazi. Dawa hizi zina kazi yake. Kuna wenye pumu na wenye magonjwa ya viungo wanaozihitaji kweli. Kama umekuwa ukizimeza bila daktari, endelea nazo leo, na kesho asubuhi nenda kliniki na pakiti mkononi. Watakupunguzia kidogo kidogo. Usione haya, muuguzi anataka kujua umemeza nini, si kukugombeza.

Shangazi alipunguziwa kwa miezi kadhaa. Yuko hai, na kadi yake iko kwenye mkoba, pamoja na kitambulisho.