Ngazi Njema kwa Nyumba ya Orofa



Nyumba nyingi za Port Reitz, Chaani na Magongo zilijengwa kwanza za chini tu: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Baadaye watoto hukua, wapangaji hutaka vyumba, na kiwanja hakiongezeki. Ndipo mwenye nyumba huazimia kupandisha orofa. Watu hufikiri sana juu ya kuta na mapaa, lakini ngazi huachwa mpaka mwisho, ikatiwa pembeni pahali palipobaki. Matokeo yake ni ngazi nyembamba, kali, yenye giza. Nayo ndiyo itakayopandwa na mzee, na mama mja mzito, na mchuuzi wa maji mwenye mtungi wa lita 20. Wahenga walisema, "Mpanda ngazi hushuka." Ngazi isiyoweza kumshusha mtu salama ni mtego.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Kuongeza orofa si kazi ya fundi peke yake. Ramani hupelekwa kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikaidhinishwe, na mhandisi huamua kama misingi ya zamani yaweza kubeba uzito mpya. Ardhi nyingi ya upande wa Changamwe ni udongo na mwamba laini, si jiwe la matumbawe kama kisiwani, kwa hivyo ngazi nayo yataka msingi wake.

Jambo la pili ni vipimo. Kanuni ya zamani ya wajenzi ni hii: kimo cha daraja moja mara mbili, pamoja na upana wa kikanyagio, jumla yake iwe kama sentimita 60 hadi 63, kwa sababu huo ndio mwendo wa mtu mzima. Tuseme toka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni sentimita 306. Zikigawanywa kwa madaraja 18, kila kimo ni sentimita 17. Kikanyagio kikiwa sentimita 27, jumla ni 61, nayo ni sawa. Ngazi hiyo ikinyooka yahitaji zaidi ya mita 4 na nusu za nafasi. Ikikunjwa katikati, yenye kituo cha kupumzikia cha mita 1, yatosha mita 3 na kidogo. Upana wake usipungue mita 1, maana iko siku kitanda kitapandishwa, na iko siku mgonjwa atateremshwa akiwa amebebwa. Na vimo vyote viwe sawasawa: mguu huzoea kimo cha kwanza, na daraja moja likizidi, mtu hujikwaa.

Jambo la tatu ni vifaa. Wazee wa pwani walijenga ngazi kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kazi hiyo ingali yaonekana Mji wa Kale. Mbao ngumu kama mvule hufaa ndani ya nyumba, lakini hapana budi zikingwe na mchwa na zisiguse udongo. Ngazi ya chuma ni nyepesi na huwekwa upesi. Lakini hewa ya chumvi itokayo bahari ya Kilindini huila, na mwenyewe lazima aikwangue na kuipaka rangi kila ionyeshapo kutu. Kwa hivyo wengi huchagua zege. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutengeneza saruji mwaka 1954, na tangu hapo zege imekuwa kitu cha kawaida pwani.

Lakini zege nayo ina masharti. Mchanga wa ufuoni na maji ya kisima cha chumvi visitumiwe kamwe. Chumvi huozesha nondo zilizo ndani, kutu huvimba, na zege hupasuka vipande vipande miaka michache baadaye. Yafaa nondo zifunikwe kwa zege ya sentimita 4, zikiinuliwa kwa vipande vidogo vya saruji kabla ya kumwaga. Nondo kubwa hulazwa upande wa chini, kwa urefu wa ngazi, kwa kuwa upande huo ndio unaovutwa mtu akikanyaga juu. Mahali ngazi inapofika kituo cha juu, nondo hizo zisikunjwe kufuata pembe. Zikivutwa zitataka kunyooka na kubambua zege. Yafaa zipite moja kwa moja hadi upande wa juu wa kituo, na nondo za kituo zipishane nazo. Zege ikishamwagwa hufunikwa magunia na kunyweshwa maji siku 7 au zaidi, na miti ya kuitegemeza haiondolewi mpaka mhandisi aseme.

Mwisho ni usalama wa kila siku. Mkono wa ngazi uwe na kimo cha sentimita 90 hivi, na nafasi kati ya vyuma vyake isifike sentimita 10, mtoto asije akapenyeza kichwa. Vigae vinavyong'aa huteleza vikilowa. Saruji yenye michirizi kwenye ukingo hushika mguu vizuri zaidi. Dirisha liwepo, na swichi ya taa chini na juu.

Fedha zikipungua, marumaru na rangi zaweza kungoja mwaka mwingine. Saruji, nondo na mchanga safi haviwezi kungoja, kwa maana vikishafunikwa hapana atakayeviongeza. Rahisi hupasua upishi. Na ngazi ikipasuka, watu ndio huanguka.