CHAKI SAKAFUNI

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Huenda mlitazamia kwamba mtumishi wa serikali atazungumzia bajeti. Leo nimeacha mafaili ofisini. Nataka kuzungumzia watu wanaochora chini, pale ambapo sisi wengine tunapita na viatu.

Mwaka 2012 nilikuwa London kwa masomo. Siku moja, mbele ya jumba la picha liitwalo National Gallery, nilimkuta mtu amepiga magoti, anachora juu ya mawe kwa chaki za rangi. Kofia yake ilikuwa kando, na ndani yake sarafu chache. Jioni mvua ikanyesha, kazi ya kutwa nzima ikaenda na maji.

Kazi hiyo si ya jana. Katika mji ule ilikuwapo tangu karne ya 19, na wengi walioifanya walikuwa watu waliokosa ajira. Mwandishi George Orwell, katika kitabu alichotoa mwaka 1933 juu ya maisha ya mafukara, alieleza habari za mchoraji mmoja wa namna hiyo, mlemavu wa mguu, ambaye usiku alipenda kutazama nyota. Ufukara haukumnyang'anya fikra zake.

Huko Italia wachoraji hawa huitwa madonnari, kwa kuwa walizoea kuchora picha za Bikira Maria, yaani Madonna. Katika kijiji cha Grazie, karibu na mji wa Mantova, mashindano yao yalianzishwa mwaka 1973, na hufanyika wakati wa sikukuu ya tarehe 15 Agosti, katika uwanja ulio mbele ya kanisa.

Mwaka 1982 Mmarekani Kurt Wenner, aliyekuwa mchoraji katika shirika la anga la NASA, aliacha kazi akaenda Italia. Akawa bingwa wa picha zinazomfanya mtazamaji aone shimo pale penye sakafu tupu. Siri yake ni hesabu. Mchoraji huchagua mahali pamoja pa kusimama mtazamaji, kisha huzidi kuirefusha picha kadiri inavyokwenda mbali na jicho. Ukisimama pale, kila kitu kinakaa sawa. Ukisogea hatua chache, unaona michoro iliyovutwa tu.

Na ndani ya jumba lile la London imo picha ya Hans Holbein ya mwaka 1533, ya mabalozi wawili. Miguuni pao pana kitu kirefu kisichoeleweka. Ukikitazama kwa upande, ni fuvu la kichwa. Basi fundi wa ndani na fundi wa nje wana elimu moja. Tofauti yao ni paa.

Ndugu zangu, sasa nifikie deni langu. Tulipokuwa kidato cha tatu, mwenzetu mmoja alichora basi kwenye saruji ya baraza, mbele ya bwalo. Lilikuwa basi hasa, hata vijana wa kidato cha kwanza wakalizunguka badala ya kulikanyaga. Mimi nilikuwa kiranja wa usafi. Nilimpa ndoo na brashi, nikasimama juu yake mpaka alipofuta gurudumu la mwisho. Hakuna mwalimu aliyenituma. Niliona uchafu, kwa sababu nilikuwa nimesimama mahali pasipofaa kutazamia.

Mwezi uliopita nilimpigia simu kumwomba radhi. Sasa ni dereva wa lori. Alicheka, akaniuliza, "Kiranja, ile ndoo bado unayo?" Kisha akaniambia kwamba tangu siku ile hajachora tena. Hapo sote wawili tukanyamaza.

Mwalimu Mkuu, ombi langu ni dogo. Utoe Jumamosi moja katika kila muhula, vijana wachore kwenye baraza lile lile. Chaki nitanunua mimi. Atakayechora vibaya, mvua itamsaidia. Atakayechora vizuri, sisi tutakuwa tumemwona kabla ya mvua. Na kiranja wa usafi siku hiyo apumzike.