Debe la Uwele



Sisi tuliokulia Lalago hatukukijua chakula kilichopikwa nje ya jiko la mama. Katika ukame wa 1974, unga wa ngano uliadimika hata dukani mwetu wenyewe. Jirani yetu, mama wa Kisukuma, akatuletea debe la uwele. Mama alicheka, kisha akalia: mkate wa uwele, rotlo, ndio chakula cha wakulima wa Gujarat, asili ya wazee wake. Aliupiga kwa viganja, tukaula kwa samli na mchuzi wa dengu.

Fedha jirani alizikataa. Deni lile lingalipo. Tunaomba rotlo ya leo wagawiwe kwanza wajukuu zake, walioketi safu ya mbele.