Maasi ya Colito na Mwana wa Nyasa

Tusikiapo habari za majeshi kupindua serikali za wenzetu, sisi wa Songea haitupasi kudhani kwamba janga hilo ni hadithi ya mbali. Kwani usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Unguja, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, wakadai nyongeza ya mishahara na vyeo kwa Waafrika, hata Rais Nyerere ikalazimu afichwe. Aliyewakabili kwa maneno, wala si kwa silaha, alikuwa waziri Oscar Kambona, mzaliwa wa mwambao wa Ziwa Nyasa, mtu wa huku huku kwetu. Kwa rai yangu, askari wale hawakudhamiria kutwaa dola. Ila dola yenyewe ilikuwa imelala mlango wazi. Tarehe 25 Waingereza, walioitwa kwa shingo upande, wakayazima maasi. Jeshi likavunjwa, na Septemba likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Kambona, msuluhishi wa siku ile, mwaka 1967 alihamia London, asirejee hadi 1992.