Karani wa mishahara, usilale!

(Maneno yaliyosemwa Ikungi, mkoani Singida, mbele ya vijana wa chama)

Ndugu msomaji, siku ile hukuwapo, kwa hiyo narudia mbele yako ili nawe uyapime.

Kijana mmoja anayesoma uhasibu aliniuliza: "Mzee, nikimaliza nitapata ukarani wa mishahara kama baba?" Nilimjibu kwamba ukarani wa baba yake unakwisha. Watu wakaguna.

Wenye umri wangu mnaikumbuka siku ya mshahara: sanduku, askari, daftari kubwa, foleni ya walimu na wahudumu wakisubiri kutia sahihi. Karani akikohoa, wote kimya. Na kabla ya Ikungi kuwa wilaya mwaka 2012, mwalimu wa huku aliyepunjwa alifunga safari mpaka Singida mjini kumbembeleza karani huyo huyo.

Kompyuta si mgeni wa jana. Kule London, kampuni ya chai na keki ya J. Lyons ilikokotoa mishahara kwa kompyuta tangu miaka ya 1950. Jina la mashine hiyo lilikuwa LEO, wala sitanii. Sisi Wizara ya Fedha ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Makarani wetu wakapumua. Pumzi hiyo imekwisha: leo mtumishi anaitazama slipu yake kwenye simu, na mwaka 2013 wataalamu wawili wa Oxford, Frey na Osborne, waliikadiria kazi ya karani wa mishahara kuwa na uwezekano wa 97 kwa 100 wa kuchukuliwa na mashine. Walikuwa wakihesabu kazi za Marekani, lakini kujumlisha ni kujumlisha, iwe Chicago iwe Ikungi.

Chukua mtumishi wa umma mwenye mshahara wa shilingi 600,000 anayelipa deni la bodi ya mikopo. Pensheni asilimia 5 ni 30,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 18,000. Bodi asilimia 15 ni 90,000. Kodi, baada ya kutoa pensheni, ni 30,000. Anabaki na 432,000. Karani hodari atatumia dakika kadhaa kwa mtu mmoja. Mashine inamaliza wilaya nzima kabla hujamaliza kikombe cha chai. Tena yenyewe haiombi chai! Mimi ni mpinzani, lakini kompyuta siipingi.

Ninachopinga ni uongo kwamba mashine ikifika wizi unakwisha. Mwaka 2016 mishahara ya serikali ilikuwa tayari inapita kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa Lawson. Hata hivyo, mwaka huo huo serikali yenyewe ilitangaza kuwakuta watumishi hewa zaidi ya 10,000. Jirani zetu wa Shinyanga mnawakumbuka: mkuu wa mkoa alisema kwake hakuna hewa hata mmoja, wakapatikana 45, na Rais Magufuli akamfukuza kazi Aprili ile. Mashine ilikuwa imewalipa hewa hao bila kukosea hata senti. Humlipa yeyote iliyeambiwa amlipe. Haijui kwamba mwalimu fulani tulimzika mwaka juzi.

Anayejua ni nani? Ni karani anayezifahamu shule na zahanati zake, anayejua nani amehama, nani amestaafu, nani deni lake la bodi limekwisha lakini bado anakatwa zile 90,000. Mtu huyo bado anahitajika sana. Mtu wa kujumlisha tu, hapana.

Ndiyo maana nilimwambia yule kijana: asome sheria ya kodi na ya kazi, afanye mitihani ya bodi ya wahasibu, ajue kompyuta kwa vidole vyake na si kwa cheti. Chuo cha Uhasibu kina tawi Singida, si lazima kwenda Dar es Salaam. Asitazame halmashauri peke yake. Mgodi wa dhahabu ulioanza uzalishaji humu Ikungi mwaka 2023 nao unalipa watu, na wanunuzi wa alizeti wanaajiri vibarua ambao makato yao lazima mtu ayajue.

Akauliza tena: "Na baba je? Ana miaka 52."

Hapo nilinyamaza kidogo. Wakubwa wa chama tawala hutangaza kila mfumo mpya kama ushindi, lakini aliyekalia daftari miaka 25 hawamtaji. Kumfundisha kukagua taarifa kunagharimu wiki chache. Kumwacha akisukuma mafaili mpaka astaafu ni kumtukana kwa adabu.

Basi msomaji wa Ikungi, diwani wako unamjua. Kabla baraza halijapitisha bajeti, mwulize fungu la kuwafundisha makarani liko ukurasa gani, na akionyeshe kwa kidole.